Silabi na mkazo katika maneno ya sayansi ya Kiitaliano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wanaosoma Kiitaliano kwa ajili ya masomo au kazi: anayejiandaa kwenda kusomea uhandisi au udaktari Italia, mfasiri wa vitabu vya sayansi, hata anayefanya kazi na Waitaliano pale Malindi. Katika mifano, silabi zimetenganishwa kwa kistari, na silabi inayobeba mkazo imeandikwa kwa herufi kubwa. Ukiona "a-TO-mi-co", kaza TO.

Kiitaliano husomwa kama kilivyoandikwa, sawa na Kiswahili. Kwa nini basi nasahihishwa kila nikisoma kwa sauti?

Kwa sababu ya mkazo, karibu kila mara. Irabu zetu tano zinatutosha kuanza nazo, na konsonanti nyingi tunazimudu. Lakini sikio la Mswahili limezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri. Isipokuwa maneno machache kama "barábara" ya maana ya sawasawa, ambayo tunaitofautisha na barabara ya magari, kwetu hakuna cha kuuliza.

Kiitaliano nacho hukaza zaidi silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo tuko nyumbani: vul-CA-no (volkano), gra-NI-to (mawe ya matale), neu-TRI-no (chembe ndogo mno isiyo na chaji). Maneno ya aina hii wao huyaita "piane". Tatizo ni kwamba msamiati wa sayansi umejaa maneno yanayokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, yaitwayo "sdrucciole", yaani yanayoteleza. Sisi tunasema ok-si-JE-ni, wao os-SI-ge-no. Sisi hi-dro-JE-ni, wao i-DRO-ge-no. Sisi a-TO-mi, wao A-to-mo. Hata lisiloteleza hututega: sisi ma-la-RI-a, wao ma-LA-ria, ambapo "ria" ni silabi moja, na hili la mwisho ni neno lao wenyewe, limetoka kwenye "mala aria", hewa mbaya, enzi ambapo homa ilidhaniwa kuletwa na mvuke wa mabwawa. Giovanni Battista Grassi na wenzake walionyesha mwaka 1898 kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jamii ya a-NO-fe-le, neno jingine la kuteleza.

Mkazo hauandikwi. Nitaujuaje?

Tazama mwisho wa neno. Wengi hujaribu kukariri neno mojamoja, na wanachoka kabla hawajafika herufi C. Maneno ya sayansi yameundwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini vinavyojirudia, na kipande cha mwisho ndicho kinachoamua mkazo unaangukia wapi. Ukijua viishio kama ishirini hivi, umeyajua maelfu ya maneno.

Anza na vinavyorudisha mkazo nyuma. Kila kifaa au kipimo chenye -metro hukazwa silabi iliyo kabla ya "metro": ter-MO-me-tro, ba-RO-me-tro, chi-LO-me-tro, cen-TI-me-tro, dia-ME-tro... hapana, hili la mwisho ni mtego. Ni DIA-me-tro, ukilisema kwa kuunganisha irabu, au di-A-me-tro ukizitenganisha. Mkazo uko kwenye "a" kwa vyovyote. Vivyo hivyo -grafo (si-SMO-gra-fo), -logo (bi-O-lo-go, ge-O-lo-go), -nomo (a-STRO-no-mo), -geno (pa-TO-ge-no), -fero (mam-MI-fe-ro), -fago (e-SO-fa-go) na -lisi (a-NA-li-si, e-let-TRO-li-si, pa-RA-li-si). Vivumishi vya -ico navyo huteleza: FI-si-co, CHI-mi-co, e-LET-tri-co, ma-GNE-ti-co. Viwili vya kuangalia ni nomino: om-be-LI-co, kitovu, na lom-BRI-co, nyungunyungu. Hizi hukaza LI na BRI, ingawa "om-BE-li-co" utaisikia hata kwa Waitaliano wenyewe, na walimu wao huikemea.

Kisha viishio vinavyokaa pale tulipozoea. Magonjwa ya uvimbe ya -ite: e-pa-TI-te, bron-CHI-te, ar-TRI-te. Uvimbe wa -oma: car-ci-NO-ma. Hali za -osi, kwa kawaida: tu-ber-co-LO-si, trom-BO-si, mi-TO-si, sim-BIO-si; me-ta-MOR-fo-si ndiyo inayokataa kufuata wenzake. Dawa na kemikali za -ina: pe-ni-cil-LI-na, caf-fe-I-na. Na -gramma au -grammo, kwa sababu m mbili huifunga silabi na kuubakiza mkazo hapo: dia-GRAM-ma, chi-lo-GRAM-mo. Kwa hiyo kilomita ni chi-LO-me-tro, ilhali kilo ni chi-lo-GRAM-mo.

Kwa nini "biologia" hukazwa GI na "malaria" hukazwa LA, wakati zote zinaishia -ia?

Swali zuri kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo historia inaposikika mdomoni. Maneno ya Kigiriki yaliyoingia na kiishio -ia kwa jumla yameshika mkazo wa Kigiriki, juu ya i: bio-lo-GI-a, a-stro-no-MI-a, a-na-to-MI-a, chi-rur-GI-a, te-ra-PI-a, e-ner-GI-a, a-ne-MI-a, e-pi-de-MI-a. Hapa i na a ni silabi mbili, na bahati nzuri biolojia yetu na anatomia yetu hutamkwa vilevile. Maneno yaliyofuata njia ya Kilatini au yaliyozaliwa Italia kwenyewe huiacha i bila mkazo, nayo ikajibana na a kuwa silabi moja: ma-TE-ria, me-MO-ria, ma-LA-ria.

Kama kipimo cha haraka: ikiwa neno ni jina la taaluma, tiba au hali ya mwili lenye sura ya Kigiriki, kaza i. Kipimo hiki hakikosi mara nyingi, ila "alopecia", upotevu wa nywele, utaisikia kwa namna zote mbili: a-lo-pe-CI-a na a-lo-PE-cia. Hata kuhusu jina la Tanzania, Waitaliano wenyewe hawajaafikiana: wapo wanaosema tan-za-NI-a kama sisi, na wapo wa tan-ZA-nia.

Na kemia je? Ina viishio vyake?

Ina, na imepangika kuliko fani nyingine. Chumvi za -ato hukaza A: sol-FA-to, ni-TRA-to, car-bo-NA-to. Za -uro hukaza U: clo-RU-ro, sol-FU-ro. Sukari za -osio hukaza O: glu-CO-sio, lat-TO-sio, sac-ca-RO-sio. Hidrokaboni: me-TA-no, ben-ZE-ne. Alkoholi za -olo hukaza O: e-ta-NO-lo, fe-NO-lo, na co-le-ste-RO-lo ifuate hizo. Usizichanganye na mo-LE-co-la au MU-sco-lo, ambazo -ola na -olo yake ni kiishio kingine cha Kilatini kisichobeba mkazo.

Oksidi zenyewe huteleza: OS-si-do, i-DROS-si-do, pe-ROS-si-do. Elementi za -io hukaza silabi iliyotangulia: SO-dio, po-TAS-sio, car-BO-nio, al-lu-MI-nio, u-RA-nio. Wanafunzi wetu hukwama kwenye PLA-ti-no na FO-sfo-ro, ambazo kwa mazoea wangezisema pla-TI-no na fo-SFO-ro.

Alama ya mkazo huandikwa lini hasa?

Lazima pale tu mkazo unapoangukia irabu ya mwisho kabisa: velocità, densità, gravità, umidità, elettricità. Maneno haya hayabadiliki kwenye wingi. "La velocità" moja, "le velocità" nyingi. Usiandike apostrofi badala ya alama (velocita'), ingawa watu wenye kibodi zisizo na herufi hizo hufanya hivyo. Kwingineko alama ni ya hiari, na huwekwa pale neno linapoweza kusomwa vibaya.

Mfano wa kweli kutoka vitabu vya fizikia: "principi". Ukisema PRIN-ci-pi ni wana wa mfalme, ukisema prin-CI-pi ni kanuni. Ndiyo maana wahariri wengine huandika "princìpi della termodinamica", msomaji asije akafikiri wana wa mfalme wamehamia kwenye sura ya joto.

Silabi zenyewe hugawanywaje?

Konsonanti moja huenda na irabu inayofuata: a-to-mo, ce-re-bra-le. Konsonanti iliyorudiwa hukatwa katikati: cel-lu-la, os-si-ge-no, bat-te-rio, na cq pia, ac-qua. Konsonanti isiyo l, m, n wala r ikifuatiwa na l au r tofauti nayo, zote mbili huenda pamoja mbele: i-dro-ge-no, mi-cro-bo, nu-cle-o. Vikundi vinavyoandika sauti moja havikatwi kamwe: ch, gh, gn, gl, sc. Hivyo ma-gne-te, co-no-scen-za.

Halafu kuna sheria ambayo Mswahili huivunja bila kujua. L, m, n na r zikifuatiwa na konsonanti nyingine, hubaki nyuma na kuifunga silabi. Kwetu sisi mb, nd, ng na nz ni kitu kimoja: ka-mbi, pe-ndo, ki-nga. Mswahili akiona "cambio" huikata ca-mbio, na hata kuitamka hivyo, silabi ya kwanza ikabaki wazi. Kiitaliano ni CAM-bio. Vivyo hivyo tem-pe-ra-TU-ra, am-BIEN-te, in-flu-EN-za, SAN-gue. Jaribu hivi: sema "cam", funga midomo kwenye m na uibane kidogo, ndipo uachie "bio". Ukisikia m yako inakimbilia b, rudia. Kosa hili halionekani kwenye karatasi isipokuwa neno likatwe mwisho wa mstari, lakini sikio la Mwitaliano hulinasa papo hapo.

Kwa nini "plasmodio" (kijidudu cha malaria) ni pla-smo-dio na si plas-mo-dio?

Kwa sababu ya s. Kanuni ya maandishi ya Kiitaliano inasema s ikifuatiwa na konsonanti nyingine huenda nayo mbele: pla-SMO-dio, mu-sco-lo, a-STRO-no-mo, or-ga-NI-smo, mi-cro-SCO-pio, te-le-SCO-pio. (Hayo mawili ya mwisho yalizaliwa kwenye mzunguko wa Accademia dei Lincei, chama cha wanasayansi cha Roma: "telescopio" mwaka 1611, katika karamu ya kumheshimu Galileo, na "microscopio" kwa Giovanni Faber mwaka 1625.)

Ukimwuliza mtaalamu wa fonetiki atakwambia mdomo haufuati kanuni hiyo. Irabu yenye mkazo ikiwa katika silabi iliyo wazi ndani ya neno, Waitaliano huirefusha; kabla ya s na konsonanti hairefushwi, dalili kwamba katika usemi s huifunga silabi ya nyuma. Kwa hiyo sema kwa ufupi, lakini ukikata mwisho wa mstari andika pla-smodio.

Na vikundi vigeni kama tm, cn, gm, ps?

Kikundi kisichoweza kuanza neno la Kiitaliano hukatwa: rit-mo, tec-ni-ca, mag-ma, pig-men-to. Neno "atmosfera" lina sheria mbili kwa mpigo: at-mo-SFE-ra, t ikabaki nyuma, s ikaenda mbele.

Ugomvi uko kwenye ps, pn na pt, kwa sababu maneno kama "psicologia" na "pneumatico" huanza navyo. Wengine hukata ca-psu-la, wengine cap-su-la. I-pno-si au ip-no-si. Zote zina watetezi. Mimi ningechagua moja na kuishika kitabu kizima.

Irabu mbili zikifuatana zikatwe au zisikatwe?

A, e na o zikikutana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ni silabi yake: a-e-re-o, nu-cle-o. I au u isiyo na mkazo hujiunga na jirani yake: pia-ne-ta, neu-tro-ne. I au u yenye mkazo hujitenga: e-ner-GI-a. I ya "calcio" (kalsiamu, na pia kandanda) na ya "scienza" ni ya maandishi tu, ipo kulainisha c na sc. Silabi ni mbili, CAL-cio, SCIEN-za.

Katikati ya haya kuna eneo la ukungu: "bio-" ni silabi moja au mbili? Kamusi hazikubaliani. Kwa mwandishi jibu ni rahisi: usikate mstari kati ya irabu mbili kama huna hakika, na hakuna atakayekulaumu.

Viambishi awali kama dis- na trans- hukatwa pale vinapoishia?

Unaweza kufuata asili ya neno au kufuata matamshi, na matamshi ndiyo yanayopendelewa siku hizi: di-si-dra-ta-zio-ne badala ya dis-idratazione. Lakini su-blunare ingechekesha, andika sub-lu-na-re.

Nionyeshe neno refu, hatua kwa hatua.

Chukua "elettroencefalogramma", kipimo cha umeme wa ubongo. Anza na konsonanti zilizorudiwa, maana hizo hazina ubishi: elet|troencefalogram|ma. Kisha tr: zimekaa pamoja upande wa kulia, vizuri. O na e zimekutana, zote ni irabu nzito, zitengane: tro|en. N mbele ya c hubaki nyuma: en|ce. Zilizobaki ni konsonanti mojamoja: ce|fa|lo, na gr haikatwi. Jumla ni e-let-tro-en-ce-fa-lo-GRAM-ma, silabi tisa, mkazo kwenye kiishio -gramma kama ilivyoelezwa juu. Ukitaka kulitamka bila kukwama, anza nyuma: GRAM-ma, lo-GRAM-ma, fa-lo-GRAM-ma, uende ukiongeza silabi moja mbele mpaka ufike e.

Ni maneno gani ambayo hata Waitaliano huyabishania?

Mengi, na ni vizuri kuyajua usije ukasahihishwa bila haki. "Edema", uvimbe wa maji: e-DE-ma kwa njia ya Kilatini, E-de-ma kwa njia ya Kigiriki. "Elettrodo": kamusi za jadi hutaka e-LET-tro-do, maabara nyingi husema e-let-TRO-do. "Osmosi": o-SMO-si ndiyo ya kawaida, O-smo-si ipo. "Lipide": li-PI-de au LI-pi-de. "Zaffiro", yakuti ya buluu: zaf-FI-ro ya jadi, ZAF-fi-ro ya mtaani. Kwa "evapora" ya kitenzi, e-va-PO-ra ni ya asili na e-VA-po-ra imeenea.

Usawa wa namna hii hauhusu "fluido". Hilo ni FLU-i-do tu. Flu-I-do huhesabiwa kosa.

Na "termite" ni kisa cha peke yake. TER-mi-te kwa kawaida ni mchwa. Ter-MI-te ni mchanganyiko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma unaowaka kwa joto kali na kutumika kuunga reli.

Je, wingi au mnyambuliko wa kitenzi huhamisha mkazo?

Wingi wa nomino, hapana: bi-O-lo-go, bi-O-lo-gi. Kwa vitenzi, nafsi ya tatu wingi huongeza silabi mwishoni bila kuusogeza mkazo, hivyo hujikuta silabi ya nne kutoka mwisho: CAL-co-la, CAL-co-la-no, ve-RI-fi-ca, ve-RI-fi-ca-no. Huku ndiko ulimi wetu hupinga zaidi.

Malindi nitayasikia maneno gani?

Kama uko karibu na Ngomeni, ya anga za juu: sa-TEL-li-te, OR-bi-ta, RAZ-zo, piat-ta-FOR-ma. Kituo cha Luigi Broglio cha Waitaliano kiko hapo, na roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini kati ya mwaka 1967 na 1988. Setilaiti ya eksirei iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina Uhuru. Kinywani mwa Mwitaliano mkazo uko palepale petu, ila h haitamkwi: u-U-ru.

Majina ya wanasayansi hufuata sheria gani?

Mengi hukazwa ya pili kutoka mwisho: a-vo-GA-dro, tor-ri-CEL-li, mal-PI-ghi, schia-pa-REL-li. Segrè, mshindi wa Nobel wa mwaka 1959, ana alama mwishoni na usiiache.

Kompyuta yangu hukata maneno ovyo mwisho wa mstari. Nifanyeje?

Weka lugha ya aya hiyo kuwa Kiitaliano, kwa maana programu hukata kwa sheria za lugha iliyoambiwa. Wanaotumia TeX, programu ya kupanga kurasa, wana jedwali la ukataji lililotayarishwa na Claudio Beccari, linalofuata kiwango cha Italia UNI 6461 na limefikiria pia maneno ya kitaalamu. Namba na kipimo chake zisitenganishwe.

Nikiwa na shaka niangalie wapi?

Kwa matamshi, DOP, kamusi ya tahajia na matamshi ya Migliorini, Tagliavini na Fiorelli, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1969 kwa watangazaji wa RAI, shirika la utangazaji la Italia. Sasa iko kwenye intaneti na ina sauti. Kamusi ya Treccani nayo hupatikana bure. Kamusi nyingi huweka alama ya mkazo juu ya neno linaloelezwa, mathalani "ossìgeno", ili kukusaidia kusoma. Ukiandika ripoti yako, alama hiyo iache kwenye kamusi: ni "ossigeno".